Wacha Hiyo Magnum, Anza na .22

Wasee, nitasema wazi na mkasirike mkitaka: kama hujawahi kulenga shabaha ya mbali, bunduki yako ya kwanza iwe .22. Si .308, si 6.5 Creedmoor, na .300 Magnum usinitajie kabisa.

Najua hamu imetoka wapi. Umecheza PUBG usiku kucha, ukaokota AWM kwenye boksi lililodondoshwa na ndege, ukaangusha mtu mlima wa pili. Sasa unaamini kaliba kubwa ndiyo inafanya mtu awe mlengaji hatari. Manze, kwenye simu bega lako haliumii.

Tupige hesabu. Risasi ya kawaida ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Ya .308, zile za shabaha, inakaribia gramu 11. Huo uzito wote, pamoja na baruti inayousukuma, unarudi kwa bega lako. Mtu mgeni akipigwa teke kama hilo mara ishirini, mwili unajifunza kujikinga: anafumba macho na kukaza bega kabla risasi haijatoka. Makocha wana kipimo chao. Wanachanganya risasi bandia na zile za kweli bila kukuambia. Ukivuta traiga na bunduki isilie, kila mtu anaona vile mtutu umeinama. Hiyo ni hofu, na hakuna darubini ya bei yoyote itakayoiondoa.

"Lakini .22 haifiki mbali." Kweli, si bunduki ya mita 1,000. Lakini faida iko hapo hapo. Risasi yake ni nyepesi na haina mbio, kwa hivyo upepo unaichezea unavyotaka. Ukiirekebisha bunduki ipige katikati kwa mita 50, kwa mita 200 risasi itakuwa imeshuka zaidi ya mita moja. Yaani kusoma upepo, kukadiria umbali na kurekebisha darubini, yote unajifunzia mita 200, tena kwa risasi za bei nafuu. Anayepiga mia kwa wiki atamshinda anayepiga kumi huku akihesabu pesa.

Na hiyo stori ya "ni ya watoto" tuizike. Kwa Olimpiki, raifo ya mita 50 ni .22. Huko Marekani, mashindano ya Precision Rifle Series yamejaa kaliba za milimita 6, ndogo kuliko .308. Walio bora wanapunguza, wewe unaongeza. Unamwonyesha nani?

Ukishaiva, chagua kulingana na mchezo. Unaota Bisley kule Uingereza, ambako watu hulenga hadi yadi 1,200? Chukua .308, ndiyo iliyozoeleka huko. Unataka tu kugonga vyuma vya mbali? Chukua 6.5 Creedmoor. Ilitoka 2007, upepo unaisukuma kidogo kuliko .308, na teke lake ni jepesi zaidi.

Hapa Kenya kuna jambo lingine: bunduki si raba za kununua mtaani. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bila cheti. Kwa hivyo nenda klabu yenye kibali, upige chini ya mkufunzi, uulize kama wana .22.

Na nyinyi mnaomkabidhi mgeni bunduki kubwa siku ya kwanza ndiyo mrekodi vile anaruka, nawaambia bila kupepesa macho: mnaua mchezo. Yule dada mliyemcheka hatarudi. Bega limevimba, masikio yanalia, na kichwani ameshaamua kwamba shabaha si kitu ya watu kama yeye. Mngempa .22, labda mngekuwa mmempata bingwa.

Karatasi ya shabaha haijui ulikuja na kaliba gani. Inaonyesha tu mashimo yako yako wapi.