Entebbe kwa Kamunye

Msomaji wa Mvita au wa Unguja ataniwia radhi nikiita Entebbe mji wa pwani. Neno pwani, kama wajuavyo wenye lugha, limetokana na kupwa kwa maji, na ziwa letu, ambalo Waganda huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria, halijai asubuhi likapwa jioni. Likijaa hujaa kwa misimu na miaka, kama lilivyofanya mwaka 2020 na tena mwaka 2024, lilipoingia mabarazani mwa nyumba za starehe zilizo ufukweni bila ya kubisha hodi. Lakini mtu wa Kampala hana bahari nyingine iliyo karibu, na aonapo hamu ya kutazama maji yasiyoonekana ng'ambo, katika mji uliomzidi babu yake umri, huenda Entebbe. Hoja yangu ni juu ya njia anayoiendea.

Njia ni mbili. Ipo barabara ya kasi, iliyofunguliwa mwaka 2018 na ambayo tangu Januari 2022 hulipiwa tozo, ambapo mwenye motokaa hupita juu ya vinamasi na pembeni mwa mashamba ya watu bila ya kuonana na mtu, akashuka uwanja wa ndege akidhani kwamba amefika Entebbe. Na ipo barabara ya zamani, ambayo ndiyo ya kamunye. Mimi ni mtu wa kamunye, wala si kwa ufukara peke yake, ingawa ufukara nao una fungu lake katika uamuzi huo.

Kamunye kwa Kiganda ni mwewe, na jina hilo limezifaa sana gari zile nyeupe zenye mshipi wa miraba ya samawati, kwa namna zinavyomwinamia abiria kando ya njia kama mwewe amwinamiavyo kifaranga. Hupatikana katika kituo cha zamani cha teksi, bondeni katikati ya mji, ambacho sisi hukiita paaka. Mgeni mmoja wa Mombasa niliyemwelekeza huko aliniuliza, kwa adabu kubwa, ni paka gani huyo aliyejengewa kituo. Gari ina idhini ya abiria 14, na kabla ya wa 14 kuketi haiondoki, hata lau aliyetangulia kuketi ni kadhi mwenye kesi saa tatu. Nauli hupanda mawingu yakitanda.

Basi huvuka Kibuye na Najjanankumbi, ikasimama Zzana, ikasimama Kajjansi penye udongo wa matofali, ikapita Kisubi penye shule na seminari za Wakatoliki, ikafika Abayita Ababiri, yaani Wapitao Wawili; na kila mahali hapo yupo asemaye "maaso awo", mbele hapo, akashuka na kapu lake, na mwingine akapanda na kuku. Safari ya kilomita zisizotimia 40 yaweza kula saa mbili. Wenye haraka huziita saa hizo hasara, nami nazihesabu kuwa ndizo ziara yenyewe, kwa sababu nitakayoieleza.

Mwaka 1893 Sir Gerald Portal alichagua rasi ile iwe makao ya Waingereza, akaiita Port Alice kwa jina la mkewe. Jina hilo halikudumu; lilishindwa na la wenyeji, entebe, maana yake kiti, kwa ajili ya viti ambavyo husimuliwa kwamba Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, alivichonga mwambani. Watu hutaja upepo mwanana wa ziwa na urahisi wa vyombo vya majini kuwa ndizo sababu za uchaguzi ule, nami sizikanushi. Lakini Mengo, mbele ya ikulu ya Kabaka, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana vita Januari 1892, na mtawala aliyekuja baada ya vita hivyo, kwa rai yangu, aliyataka masafa kwa ajili ya masafa yenyewe. Aliyapata: tangu kutangazwa kwa himaya mwaka 1894 hadi uhuru wa 1962, makao ya gavana yalikuwa Entebbe, na mwenye shida zake ndiye aliyeifunga safari kumfuata.

Hata lugha hii tunayoandikia ina hikaya yake huko. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na ya utawala nchini Uganda. Kabaka Daudi Chwa akampinga, maaskofu wakampinga, na jambo likafifia. Katiba ilikuja kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Lau gavana yule angalipanda gari moja na watu aliowaandikia, sijui kama angalifaulu, ila angalijua mapema zaidi kwa nini hakufaulu.

Ndiyo maana barabara ya kasi hunitia shaka. Imeyarudisha masafa yale yale katika sura mpya: zamani mkubwa alikaa mbali na watu, na sasa hupita kando yao kwa kasi. Sisemi ivunjwe, nami nikiwa na ndege ya kuwahi nitaipita na kuishukuru.

Kamunye niliyopanda juzi iliishia Kitooro, penye soko, na hapo ndipo ninapolalamika. Bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1898 iko mbele zaidi, karibu na maji. Kigungu, walikoshukia wamisionari Wakatoliki Padri Lourdel na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879, ni mbali zaidi, nao watu hao, waliotoka Bagamoyo kwa msafara, walivuka ziwa kwa mtumbwi. Uwanja wa ndege wa zamani, ambao malkia mpya wa Uingereza alicheleweshwa hapo na dhoruba usiku wa Februari 1952, na ambao usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliushambulia kuwatoa mateka wa ndege ya Ufaransa, nao uko huko huko mbele. Asiye na motokaa huyafuata yote hayo kwa bodaboda, na mwenye watoto wanne huhesabu bodaboda mbili kwenda na mbili kurudi, akaona heri awanunulie soda Kitooro warejee. Naomba jambo dogo: kwamba siku za Jumapili gari za abiria ziruhusiwe na zihimizwe kufika lango la bustani na Kigungu, kwa nauli inayojulikana.

Jioni nilirudi Kitooro kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu, nikaketi katika kamunye ya Kampala nyuma ya mama mwenye ndoo ya sangara. Tulikuwa 13. Kondakta alikuwa mlangoni akiita, nasi sote tulikuwa tukimtazama kila apitaye njiani.