LUGHA YETU: Methali Katika Ushairi wa Kisasa

Wapo wadhanio kwamba methali ni mali ya wazee peke yao, na kwamba mshairi wa kisasa, aliyekwisha acha vina na mizani, hana tena haja nayo. Mfano mmoja kutoka Uganda ya Kaskazini watosha kuwaondolea dhana hiyo.

Mwaka 1966 Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alitoa shairi refu liitwalo Song of Lawino. Lawino ni mke wa kijijini amlalamikiaye mumewe Ocol, ambaye baada ya kusoma huona haya kwa ngoma, vyakula na desturi za kwao. Kilio hicho chote kimeegemea methali moja ya Kiacholi: boga la hameni halingʼolewi.

Maana yake ni hii. Watu wahamapo, maboga hubaki nyuma yakitambaa peke yake katika hame. Hayamzuii mhamaji kwenda aendako, na siku ya njaa yatamfaa yeye au mpita njia. Kuyangʼoa ni uharibifu usiomfaa mtu yeyote.

Hapo ndipo methali ifanyapo kazi yake. Lawino hamwombi mumewe aache elimu. Amtaka asiharibu tu. Tena, laiti angesema kwa maneno yake mwenyewe, Ocol angejibu kuwa huo ni wivu wa mke aliyeletewa mwenzake. Lakini methali haina mwenyewe: aitamkaye husema kwa kinywa cha wahenga wote. Mwaka 1970 mshairi alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika Song of Ocol, na hata hivyo boga lile halikungʼoka katika kumbukumbu za wasomaji.

Basi, kipimo cha methali katika shairi ni chepesi. Ikiondolewa na shairi likabaki vile vile, ilikuwa pambo tu. Ikiondolewa na shairi likaanguka, ilikuwa nguzo.

Jambo hili lawagusa hasa watu wa kambini. Askari huhamishwa mara kwa mara, na watoto wake hukua wakisema Kiswahili pamoja na wenzao wa makabila mengi. Hilo ni jema, kwani huleta umoja. Lakini mtoto asiyepata kusikia methali hata moja ya kwao, atayasomaje mashairi ya namna hii akayaelewa?

Okot alifariki mwaka 1982. Methali za Kiacholi alizozikusanya zikachapishwa kitabuni mwaka 1985. Si kila mzazi aweza kuandika kitabu. Lakini kila mzazi aweza, baada ya chakula cha jioni, kumpa mtoto methali moja ya nyumbani, kumweleza ilivyozaliwa, kisha kumtaka aiseme kwa Kiswahili. Mwacha asili ni mtumwa.