Korosho ya Kilifi yahitaji mchumi, si amri pekee

MSIMU wa korosho unapowadia Kilifi, mkulima hukabiliwa na swali lile lile lililomkabili babake: nani atanunua, na kwa bei gani? Mara nyingi jibu huletwa na dalali anayefika langoni na mizani yake. Asiye na ghala wala habari za soko huuza kwa bei ya siku hiyo, kwa kuwa karo ya watoto haingoji.

Haikuwa hivyo daima. Kiwanda cha korosho mjini Kilifi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, kilikuwa soko la karibu na tegemeo la ajira kwa wenyeji wengi. Katika miaka ya 1990 serikali ililegeza udhibiti wa biashara hiyo na kiwanda kikauzwa. Haukupita muda mrefu kabla ya mitambo kunyamaza.

Mwaka wa 2009, Bw William Ruto, wakati huo akiwa Waziri wa Kilimo, alipiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi katika nchi za nje. Sheria ya mwaka wa 2013 ikaitia nguvu marufuku hiyo, ila kwa kibali cha maandishi cha waziri. Nia ilikuwa njema: kubangua korosho nyumbani badala ya kuzipeleka India na Vietnam, ambako ajira za viwandani hubaki.

Hata hivyo, hapo ndipo hesabu ya mchumi wa kilimo inapoachana na ya mwanasiasa. Mnunuzi wa kigeni akizuiwa, mwenye kiwanda hupata malighafi kwa bei nafuu, na unafuu huo hutoka mfukoni mwa mkulima. Viwanda vikiwa vichache, hakuna ushindani wa kumfidia. Mkorosho mzee usiolipa huishia kuwa makaa. Serikali yenyewe ililiona hilo katika makadamia: bei ilipoporomoka, mwishoni mwa 2023 iliondoa marufuku kama hiyo kwa mwaka mmoja.

Je, kufungua mipaka ndiyo dawa? Msumbiji ilijaribu katika miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia. Utafiti wa mwaka wa 2002 wa wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch ulikadiria kwamba faida kwa kaya ya wastani inayolima korosho haikuzidi dola 5.30 kwa mwaka, ilhali maelfu ya wafanyakazi wa viwandani walipoteza kazi. Walionufaika zaidi ni wafanyabiashara wa kati.

Tanzania nayo ilianzisha mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka wa 2007, ili wakulima wauze kwa mnada kupitia vyama vyao. Mfumo huo uliwapa sauti, lakini haukuwakinga kabisa. Mwaka wa 2018 wanunuzi walitoa bei duni, na Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa Sh3,300 za Tanzania kwa kilo, jeshi likisimamia usafirishaji.

Funzo ni kwamba amri ya kufunga wala ya kufungua haitoshi. Linaloamua ni nani mwenye nguvu ya kupatana bei. Kwa sababu hiyo panahitajika wataalamu wanaolijua darasa, ofisi ya serikali na meza ya biashara ya kimataifa. Uganda ina mfano wa Dkt Wilberforce Kisamba Mugerwa, mchumi wa kilimo aliyetoka Makerere, akawa waziri wa kilimo, akahudumu katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, kisha akaongoza mamlaka ya mipango ya taifa.

Kilifi haijakosa pa kuwalea watu kama hao. Chuo Kikuu cha Pwani kilichipuka mahali palipokuwa taasisi ya kilimo, na Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti jukumu la kilimo. Lakini sheria za biashara ya nje zingali Nairobi. Pasipo mtu wa kuunganisha pande hizo mbili, miche mipya itagawiwa, vyama vya ushirika vitazinduliwa, na dalali ataendelea kufika langoni na mizani yake.