Troli la dukani, wadi na khori: gharama anabeba nani?

Ukipita nyuma ya majengo ya flati huku Muscat, iwe Ghubra, Al Khuwair au Mabela, hutakosa kuliona. Troli la supamaketi limeegemea ukuta, gurudumu moja limepinda, ndani yake mna kikombe cha karak na mfuko wa nailoni. Kesho lipo pale pale. Kesho kutwa watoto wamelichukua kuchezea, wamelisukuma mpaka ukingo wa wadi. Wiki ya pili limeshaporomoka chini, na hapo ndipo linaposahauliwa.

Wengi wetu tunalichukulia jambo hili kuwa ni uchafu wa macho tu. Baladia itakuja, italiokota, khalas. Lakini troli lililoangukia wadini limeshatoka katika khabari za usafi wa mtaa. Limeingia katika khabari za maji, za viumbe, na za nani alipe. Na wakati wa kulizungumza ni sasa, wadi ikiwa kavu, si siku ya mvua.

Wadi si kiwanja

Wadi zetu zinatudanganya kwa sababu muda mwingi wa mwaka hazina maji. Mtu akiona mchanga na mawe anadhani ni mahala pasipo mwenyewe. Kumbe wadi ni mto unaosubiri maji yake. Waliokuwepo Muscat Juni 2007 hawahitaji kukumbushwa kimbunga Gonu, kilichoua watu karibu 50 hapa Oman. Wadi Adai ilishuka kutoka majabalini na kuikumba Qurum, maduka na magari yakazama. Aprili 2024 tukaona tena, hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Imarati. Huko Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, ilinyesha milimita 254.8 katika muda usiofika saa 24, katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni kiasi cha milimita 100.

Maji ya nguvu hiyo yanabeba magari, seuze troli. Tabu ni pale linapokwama. Troli likifika kwenye kalvati chini ya barabara, mara nyingi hujilaza kwa upana. Lenyewe ni tundu la waya, kwa hivyo maji yanapita. Lakini matawi ya mitende, mifuko, kamba na vipande vya nyavu havipiti. Kila kinachokuja kinanasa juu ya kilichotangulia, na haupiti muda tundu lile limekuwa ukuta. Maji hayagombani na ukuta, yanatafuta pa kupita. Yanapanda barabarani, na kutoka barabarani yanaingia majumbani.

Sisemi kwamba mafuriko yale yaliletwa na matroli. Mvua kubwa ni mvua kubwa. Ninachosema ni kwamba mfereji uliojengwa kwa fedha nyingi ili utukinge unaweza kuzibwa na kitu ambacho mtu alikiacha kwa uvivu wa dakika tano.

Mwisho wa safari ni khori

Lile lisilokwama njiani linafika chini, penye khori. Kwa Muscat, Wadi Adai inamwaga maji yake Qurum, kwenye hifadhi iliyowekwa tangu 1975 na iliyoingizwa mwaka 2013 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata jina la mtaa wenyewe linatokana na miti ile, kwani kwa Kiarabu mikoko ni qurm. Na wazee wetu waliotoka Unguja, Pemba na Lamu wanaujua mti huu kwa jina lake khasa: ni mchu. Udugu wetu na mikoko ni wa zamani, maana boriti zilizoezekea nyumba nyingi za Ghuba zilikatwa Rufiji na Lamu, zikaja na majahazi.

Mchu unapumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa. Ndiyo pua zake. Troli la chuma likitupwa na mafuriko juu ya mizizi hiyo linaivunja. Likibaki pale, linakusanya mchanga na taka nyuma yake, tope linapanda, pua zinafukiwa, na mti unakosa pumzi. Hautakufa siku ile ile. Utakauka pole pole, na anayepita barabarani hatajua sababu.

Chini ya mchu ndipo wanapokulia kamba, kaa na samaki wadogo kabla ya kutoka baharini. Yangeyange na korongo wanakuja kutafuta riziki hapo hapo. Mshipi wa kuvulia ulionasa kwenye waya za troli unakuwa mtego usio na mtegaji: ndege anaingiza mguu, kobe anaingiza shingo, hakuna anayekuja kumtoa. Na chuma chenyewe hakikai salama. Matroli mengi hupakwa zinki ili yasipate kutu haraka. Maji ya chumvi yanaila ile zinki, nayo ikizidi katika maji yaliyotuama ni sumu kwa viumbe wa majini.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kudharauliwa. Wavuvi watakwambia kwamba samaki hupenda kujificha ndani ya chuma kilichozama, na kwamba baada ya miaka chombo kama hicho hujaa chaza na mwani. Kweli hutokea. Lakini miamba ya kutengeneza inayoshushwa baharini kwa makusudi huchaguliwa mahala pake, hutengenezwa kwa vitu visivyotoa sumu, na huwekwa pasipokuwa na mkondo wa kuisukuma. Troli lililoletwa na mafuriko limejichagulia mahala lenyewe, na mvua ijayo italihamisha tena. Nyumba inayobomoka kila mwaka si nyumba.

Aliyelitoa dukani ni nani?

Hapa ndipo mazungumzo yetu hupotea. Tunapenda kusema ni watu wasio na adabu, au ni wafanyakazi wa kigeni, halafu tunanyamaza. Tutazame sawasawa. Miji yetu imejengwa kwa mwenye gari. Kutoka supamaketi mpaka flati ni mita 500, lakini hakuna njia ya miguu wala kivuli, na kiangazi joto linapita 40. Asiye na gari ana maji, mchele, mafuta na mtoto mkononi. Atabeba vipi? Atasukuma troli mpaka mlangoni, na akishafika hatalirudisha juani.

Wala si wageni peke yao. Ni nyumba zetu pia. Tunamtuma mfanyakazi wa nyumbani dukani kwa miguu, tunamwona akirudi na troli, hatumuulizi litarudi vipi. Wengine tunaligeuza la kubebea mitungi ya gesi au la kumwagia taka za ua. Kwa hivyo kumtoza faini yule wa mwisho aliyeonekana nalo ni sawa kisheria, lakini hakuzibi chanzo. Adhabu za kutupa taka zipo. Tabu ni kwamba askari wa baladia hayupo saa mbili usiku troli linapoachwa chini ya ngazi.

Waingereza walifikia wapi?

Jamaa zetu walioko Uingereza wanalijua jambo hili vizuri, kwa sababu kule troli ndani ya mfereji limekuwa kama sehemu ya mandhari. Canal & River Trust, shirika la hisani linalotunza kiasi cha maili 2,000 za mifereji na mito ya England na Wales tangu 2012, hukausha sehemu za mifereji wakati wa baridi ili kutengeneza milango ya maji. Maji yakishuka, matroli ni katika vitu vinavyojitokeza chini.

Sheria yao ya mazingira ya mwaka 1990 ilizipa halmashauri uwezo wa kuyakamata matroli yaliyoachwa, kumjulisha mwenyewe na kuyaweka wiki sita kabla ya kuyauza au kuyatupa. Palikuwa na tundu moja. Duka likiona gharama ya kulikomboa ni kubwa, linaliacha tu, na mzigo unabaki kwa mlipa kodi. Sheria ya 2005 ikaliziba tundu hilo: halmashauri inaweza kumdai mwenye troli hata kama halitaki tena. Lakini ni halmashauri yenyewe inayoamua kama itatumia uwezo huo, na kwanza lazima ishauriane na wenye maduka. Kwa hivyo mji mmoja unatoza, na mji wa pili hautozi.

Njia ya pili yao ni sarafu. Unatia pauni 1, unalifungua, ukilirudisha unapata pauni yako. Baadhi ya maduka ya Imarati nayo hutaka dirham 1. Njia hii inafanya kazi pale sarafu inapouma. Hapa Oman sarafu kubwa tunayoishika kwa kawaida ni baisa 50, kama senti 13 za dola. Nani atatembea juani kuifuata? Na sasa kila mtu analipa kwa kadi au kwa simu, mifukoni hamna sarafu. Lililobaki ni magurudumu yanayojifunga troli likivuka mpaka wa duka. Ni ghali kuyaweka, na ndiyo maana wenye maduka hawatayaweka kwa hiari maadamu wa kulipia hasara ni mwengine.

Tujifunze kwa falaj

Hapo ndipo penye kiini. Troli lina mwenyewe mpaka linapotoka mlangoni, na likishaingia wadini halina tena mwenyewe. Faida ni ya duka, urahisi ni wa mteja, kusafisha ni kwa baladia, na madhara ni ya mchu, samaki na nyumba ya bondeni.

Wazee wa Oman walishalitatua suala kama hili kwa falaj, ambazo tano kati yake zimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Falaj haikuachwa bila mtu. Ilikuwa na wakili wake, zamu zake za maji na fungu lake la matengenezo. Kila aliyekunywa alijua sehemu yake. Wadi inayopita katikati ya mji wetu wa leo haina wakili.

Kwa hivyo la kwanza ni baladia kulihesabu troli kuwa mali ya duka popote lilipo, na kulidai duka gharama ya kulitoa wadini. Hapo hesabu ya magurudumu ya kujifunga itabadilika yenyewe, na huenda duka likaona ni nafuu kumpelekea jirani mzigo wake mpaka mlangoni. La pili ni kalvati na midomo ya wadi kukaguliwa kabla ya misimu ya mvua na vimbunga. La tatu ni njia za miguu zenye kivuli kati ya duka na flati, kwa sababu mtu anayeweza kubeba mzigo wake kwa utulivu hana haja ya kuondoka na troli.

La nne ni letu na halingoji sheria. Dini yetu imeshatufundisha kwamba kuondosha udhia njiani ni sadaka. Troli lililoko chini ya ngazi yako usiku wa leo unalijua, na duka lilikotoka unalijua. Mchukue mwanao mlirudishe pamoja baada ya Magharibi, jua likishatua. Njiani mweleze linakokwenda wadi ikishuka.