Mashine Bubu na Mwanafunzi wa Sataranji

Imeenea imani miongoni mwa vijana kwamba ubingwa wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyouita mchezo huu nchini Kenya, hupatikana kwa kushindana na programu ya kompyuta usiku na mchana. Imani hii ina mashiko. Mashindano mengi makubwa hufanyika Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 350 kutoka Kitale au Bungoma, na si rahisi kwa mwanafunzi wa huku magharibi kumpata mpinzani anayemzidi. Programu haichoki, haidai nauli wala haimcheki anayeshindwa. Stockfish, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2008, ni ya bure na hufanya kazi hata katika simu ya mkononi. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mashine peke yake haimwivishi mchezaji. Kinachomwivisha ni maelezo, na maelezo ni kazi ya lugha.

Uwezo wa mashine hauna ubishi. Mnamo Februari 1996, mjini Philadelphia, bingwa wa dunia Garry Kasparov aliishinda Deep Blue ya kampuni ya IBM kwa alama 4 kwa 2. Mei 1997, mjini New York, mashine hiyo ilirudi ikamshinda kwa 3.5 kwa 2.5. Iliweza kukagua mikao ipatayo milioni 200 kwa sekunde moja. Hapo ndipo lilipo tatizo la mwanafunzi, kwani yeye hawezi kuiga hesabu hiyo. Anapokosea, programu humwonyesha hatua iliyo bora pamoja na tarakimu ya kupima nani anaongoza. Ikiandika kwamba mweupe anaongoza kwa 1.7, haimwambii kama kosa ni farasi aliyekosa njia au mfalme aliyeachwa wazi. Mwanafunzi akiikariri hatua hiyo, kesho mkao ukibadilika kidogo tu atakwama, mithili ya mtahiniwa aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Kutoka Bungoma, barabara kuu huelekea Malaba na kuingia Uganda. Huko, katika mtaa wa mabanda wa Katwe jijini Kampala, Phiona Mutesi alijifunza sataranji chini ya Robert Katende, na aliyemwonyesha kwanza jinsi kete zinavyosogezwa alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka wa 2010 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi. Msingi wake uliwekwa na watu waliomweleza, naye akawaeleza wengine.

Kiswahili si mgeni katika kazi hiyo. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, lina msamiati wake kamili: kunamua, mtaji, kutakata, nyumba, kichwa na kimbi. Kwa maneno hayo, mchezaji mkongwe wa Lamu au Unguja humweleza mwanagenzi kosa lake kwa sentensi moja. Sataranji nayo ina jina la kale katika lugha yetu, lililotufikia kupitia Kiarabu na Kiajemi, ilhali mazungumzo yake shuleni huendeshwa kwa Kiingereza. Wapo watakaodai kwamba hiyo ndiyo lugha ya mashindano. Dai hilo halina uzito, kwa kuwa hatua za mchezo huandikwa kwa herufi na tarakimu zinazosomwa na mchezaji wa taifa lolote. Sababu ya hatua ndiyo inayohitaji lugha, na lugha inayowakutanisha Mbukusu, Msabaoti na Mteso katika meza moja ni Kiswahili.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila anayefanya mazoezi na programu aandike kwa Kiswahili, kabla ya kuitazama tathmini yake, kwa nini alichagua hatua aliyoichagua. Kisha ailinganishe sababu yake na jibu la mashine, na tofauti iliyopo aijadili na mwenzake. Pili, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuukusanye na kuusanifu msamiati wa mchezo huu. Mchezaji anapoitoa kete kwa hiari ili apate faida kubwa zaidi, tuna neno kafara. Kete isiyoweza kusogea kwa kuwa inamkinga mfalme, tuseme imebanwa. Farasi anayetishia kete mbili kwa mpigo, tuseme amepiga uma. Wanaojua maneno bora zaidi wayalete, tuyapime.

Kazi hiyo haihitaji bajeti wala kibali. Inahitaji ubao mmoja, simu moja na daftari, iwe ni katika Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma au katika shule yoyote ya Kitale. Tusipoifanya, vijana wetu wataendelea kushindwa na mashine kila usiku bila kujua ni kwa nini, na lugha iliyowafunza bao mababu itakuwa imekaa kimya pembeni ikitazama.