Rangi ya Ngola katika Darasa la Ushonaji

Baba mmoja wa Mangobo alinisimamisha njiani Jumapili, tulipokuwa tukitoka kanisani. "Mwalimu," akasema, "nimelipa karo binti yangu ajifunze kushona. Sasa anarudi nyumbani mikono imekuwa ya kahawia kama ya mtengeneza ngozi, na jikoni anamnyang'anya mamake mbegu za avoka. Je, hiyo ndiyo shule?" Nilimwahidi kumjibu katika ukurasa huu, maana si yeye peke yake aulizaye.

Wasomaji wapenzi, tazameni kwanza hali ya mshonaji wa mji wetu. Tangu miaka ya 1970 Kisangani ilijulikana kwa vitenge vya kiwanda cha Sotexki. Siku hizi vitenge vingi vya sokoni hutoka ng'ambo, na kitambaa auzacho mfanya biashara kwa mshonaji huyu ndicho amwuziacho jirani yake. Basi binti akitoka shuleni na cherehani yake, ataweza kuwashinda wenzake kwa nini, ila kwa kupunguza bei mpaka asibakiwe na kitu? Lakini akijua kukitia kitambaa cheupe rangi yake mwenyewe, ana kazi ambayo haipatikani kwa jirani.

Wala kazi hiyo si ngeni katika nchi yetu. Wanaume wa Wambuti katika msitu wa Ituri walipiga gome la mti mpaka likalainika kuwa nguo, nao wanawake wao wakaichora kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na mkaa. Wakuba wa Kasai walitia nguo zao za rafia rangi nyekundu ya unga wa mti ule tuuitao ngola. Huko pwani, nili ilitia nguo buluu, na mizizi ya mdaa ikatia rangi ukili wa mikeka.

Kisha mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, jina lake William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, alipata tope jeusi, na ndani yake rangi ya zambarau iliyoshika hariri barabara. Mwaka 1897 kiwanda cha BASF cha Ujerumani kikaanza kuuza nili isiyotoka katika mmea wowote. Hivyo ujuzi wa wazee ulipoteza soko lake. Mimi siwalaumu wenye viwanda: rangi zao ni kali, ni rahisi, tena nyingi hushika vema. Taabu ni maji machafu. Kiwanda chaweza kulazimishwa kuyasafisha, lakini mama atiaye nguo rangi uani humwaga ndoo yake mferejini, nayo yakashuka mpaka mto Tshopo na mto mkubwa, ambamo watu huvua samaki, hufua na kuoga.

Naam, basi tulianza na ngola, na tulianza vibaya. Wanafunzi walichemsha unga wake katika maji saa nzima, na maji yakabaki karibu kama yalivyokuwa. Nyanya wa mmoja wao, aliyekuja kutuletea kuni, alicheka sana. "Wajukuu zangu," akasema, "sisi ngola tuliikoroga na mawese tukajipaka. Nani aliwaambia yapenda maji?" Bibi huyu hakusoma kemia, lakini kemia ni upande wake. Wekundu wa mti huu hauyeyuki vizuri katika maji matupu. Huyeyuka katika pombe kali, na pia katika maji ya jivu. Ikanipasa kwenda kununua chupa ya lotoko, na macho ya majirani yote yakanisindikiza mpaka mlangoni. Unga hulowekwa humo siku mbili au tatu, kisha humiminwa katika maji ya vuguvugu pamoja na kitambaa. Moto uwe mbali kabisa wakati huo, kwa maana lotoko huwaka kama petroli.

Kitambaa kikatoka chekundu, mabinti wakapiga vigelegele. Kesho yake wakakifua kwa sabuni, na nusu ya furaha ikaenda na povu.

Hapo ndipo lilipo fundisho lenyewe, nalo mabinti hawalipendi, kwa kuwa lataka saburi. Pamba haishiki rangi ya mimea kwa hiari yake. Yapasa kwanza kuichemsha kwa sabuni, ili mafuta na wanga vitoke. Kisha hulowekwa usiku kucha katika maji ya majani ya mpera au gome la mwembe, yenye ukakasi ule ukaushao ulimi. Baadaye huingizwa katika maji ya shabu, lile jiwe jeupe wanalopakia vinyozi. Kwa kilo moja ya kitambaa kikavu, gramu 150 zatosha. Ukakasi hushika pamba, shabu hushika ukakasi, na rangi hushika shabu. Ukiruka hatua moja, umepaka tu, hukutia rangi.

Misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki nayo ina kazi: huugeuza ule ukakasi kuwa kijivu au karibu na weusi. Ila itumiwe kwa uchache, maana chuma kikizidi hula nyuzi, na gauni litapasuka mgongoni kwa mwenye kulivaa.

Tena kuna rangi ambazo hata ukizitendea haya yote hukimbia jua. Manjano ni mfano: hung'aa ajabu siku ya kwanza, na baada ya siku chache za jua imefifia. Kwa hiyo kila mwanafunzi hukata kipande cha kitambaa chake mara mbili; nusu hukaa juu ya paa majuma mawili, nusu hukaa sandukuni. Kisha huvilinganisha mbele ya wenzake. Hii ndiyo saa ngumu ya darasa, nimeona machozi. Lakini heri machozi hayo kuliko ya mama aliyenunua gauni la arusi ya mwanawe, akaliona limepauka kabla ya sikukuu. Binti aliyeuza rangi ya kukimbia kwa bei ya rangi ya kudumu, hata kama hakujua, amempunja mnunuzi.

Jambo moja zaidi laniudhi. Watu husikia neno "mimea" wakadhani hapana dhara lolote. Mti wa ngola hukatwa sana kwa mbao zake. Novemba 1 mwaka 2022 ulikuwa bado haujawekewa sharti hilo, lakini mwezi huohuo mataifa yaliyokutana Panama katika mkutano wa CITES yaliiweka miti yote ya jamii hiyo ya Afrika chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa. Je, tuangushe mti kwa ajili ya magauni? Hasha. Sisi huomba unga unaobaki chini ya misumeno ya wapasua mbao, ambao wengi huutupa au kuuchoma. Na gome la mwembe hatulichuni kuuzunguka mti, kwa sababu mti uliochunwa hivyo hufa. Twachukua matawi yaliyopogolewa. Makaa nayo hutoka msituni, basi sufuria nyingi twaziweka juani zilowe siku mbili badala ya kuzichemsha. Maji ya shabu hutumiwa tena na tena mpaka yaishe nguvu, ndipo humwagwa ardhini, mbali na kisima. Na sufuria ya rangi isirudi kupikia chakula kamwe.

Sasa nakujibu, ndugu yangu wa Mangobo. Ukahawia wa mikono ya binti yako ni ukakasi wa mbegu za avoka, ambazo hutupa rangi ya waridi nzuri. Utatoka baada ya siku kadhaa, na juma hili nimewaagiza wote waje na mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi. Mbegu zenyewe twazihitaji bado. Mkila avoka, tafadhali mzikaushe, mmpe azilete.