Sauti anayo, hoja je?

Mwandishi, hapo unaposema sauti na mikono ndiyo hotuba, mimi sikubali. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere katika hotuba yake aliwaachia watu mambo matatu tu: uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Hata asiye na redio alisimuliwa na jirani na hakupungukiwa kitu. Kinyume chake, kijijini kwetu alikuja mtaalamu kutuhimiza tujiunge na bima ya afya. Sauti anayo kweli, lakini alitumwagia asilimia na vifungu vya sheria mpaka wazee wakaanza kuaga. Bibi mmoja akamkatiza: “Nalipa shilingi ngapi, na mjukuu wangu yumo?” Hapo ndipo watu wakageuka kusikiliza. Na wewe ndugu uliyechangia hapo juu unayedai wananchi hawapendi mikutano, umewahi kukaa juani saa mbili hujui umeitiwa nini?